Mkono wa nani?

(Haya ndiyo niliyoyasema Dodoma, Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, Siku ya Kimataifa ya Kupinga Adhabu ya Kifo. Wengi walitaka kuja wakashindwa, wakaniomba niyaweke yote kwa maandishi.)

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Masheikh na wachungaji mliokaa pale mbele, asanteni kwa kuja. Na ninyi vijana wa sheria, mliojaza viti vya nyuma mpaka wengine wamesimama mlangoni, sogeeni ndani, nafasi ipo.

Mimi si wakili. Sikusomea sheria. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya jaji. Shahidi akisema Kigogo, naleta Kiswahili. Jaji akisoma Kiingereza, narudisha Kigogo. Ninyi vijana mmekuta mambo yamebadilika, maana mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Sisi tulifanya kazi wakati hukumu za Mahakama Kuu zinaandikwa Kiingereza. Mtu aliweza kusimama kizimbani asubuhi nzima akisomewa maisha yake mwenyewe, asielewe hata sentensi moja, mpaka mimi nifungue mdomo.

Nataka niwasimulie asubuhi moja ya namna hiyo.

Mshtakiwa alikuwa mfugaji, mtu wa upande wa Bahi, umri wake kama miaka 30. Shtaka lilikuwa la mauaji ya kukusudia. Jaji alisoma hukumu, akafika mwisho, akamtia hatiani. Akamuuliza wakili wa utetezi kama ana la kusema kabla ya adhabu. Wakili akasimama, akasema hana, akaketi. Angesema nini? Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinataja adhabu moja tu kwa mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji. Angeweza kusema mteja wake ana watoto sita, ana mama kipofu, hajawahi kuiba hata kuku. Yote yangekuwa kweli, na yasingebadilisha kitu.

Basi jaji akasoma. Kifungu cha 26, kwa Kiingereza chake, kinataka hukumu iamuru kwamba mtu huyu ateseke kifo kwa kunyongwa. Ndiyo, neno la kuteseka limo. Sisi wakalimani tulizoea kuliruka. Hakuna aliyetufundisha kuliruka. Ulimi wenyewe ulikataa.

Nikasema kwa Kigogo. Yule mtu akaniangalia. Hakumwangalia jaji, hakumwangalia askari aliyemshika mkono. Aliniangalia mimi, kwa sababu ni mimi niliyesema. Akaniambia, "Hebu rudia."

Jaji alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake. Hakuna aliyeniambia nirudie, na hakuna aliyenikataza. Nikarudia.

Ndugu zangu, mara ya kwanza nilisema maneno ya jaji. Mara ya pili yalikuwa yangu.

Tangu siku ile nina swali moja, na ndilo nililokuja nalo hapa: mkono wa nani? Dola inapomuua mtu, anayeua ni nani?

Nimewauliza wote niliofanya nao kazi. Mpelelezi anasema mimi nimepeleleza tu, jalada nimelipeleka. Wakili wa serikali anasema mimi natekeleza maelekezo ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wazee wa baraza, enzi zile wakikaa pembeni ya jaji, wanasema sisi tumetoa maoni tu. Jaji anasema sheria imenifunga mikono, nikishamtia hatiani sina pa kugeukia. Mbunge anasema sheria hiyo niliikuta. Wa magereza anasema mimi nasubiri hati yenye sahihi ya Rais. Na mnyongaji? Mnyongaji hana jina. Hukutani na mtu sokoni Majengo akakwambia, mimi ndiye niliyekuwa navuta ile nyenzo.

Kila mmoja ana kipande chake kidogo, na hakuna mwenye kitu kizima. Nawauliza: kazi gani nyingine ya serikali inafanywa hivi? Daktari anayepasua tumbo la mgonjwa anaandika jina lake. Fundi anayejenga daraja anaweka jina lake kwenye bango. Hata afisa mtendaji wa kijiji, barua ya mbuzi aliyepotea, anagonga mhuri na kutia sahihi. Ni hii moja tu ambayo kila anayeigusa anataka mkono wake usionekane.

Na msidhani ni woga wetu sisi Watanzania. Nendeni Japani. Kule bado wananyonga. Chumba cha kunyongea ni kimoja, na pembeni kuna chumba kingine chenye vitufe, kwa kawaida vitatu, vya askari magereza kubonyeza kwa pamoja. Ni kitufe kimoja tu kinachofungua sakafu. Hakuna askari anayejua kama ni chake. Wamarekani wa jimbo la Utah walimpiga risasi mfungwa aitwaye Ronnie Lee Gardner, Juni 2010. Wapiga risasi walikuwa watano, na bunduki moja ilipewa risasi isiyoua, ili kila mmoja alale usiku akijiambia labda yangu ndiyo ile. Kwenye sindano ya sumu, anayesukuma dawa mara nyingi anakaa nyuma ya ukuta, na mirija inapita kwenye tundu. Chama cha Madaktari cha Marekani kimewakataza wanachama wake kushiriki.

Jamani, tumeambiwa adhabu hii ni ya haki. Haki gani hii ambayo mtendaji wake lazima afichwe asijijue?

Niseme kidogo kuhusu njia zenyewe, kwa sababu najua kuna mtu hapa anajiambia: shida ni kamba, tutafute njia isiyo na maumivu. Wazo hilo ni la zamani. Kule Uingereza miaka ya 1870, mnyongaji William Marwood alianza kupima uzito wa mfungwa na kukokotoa urefu wa kamba, ili shingo ivunjike mara moja mtu asikabwe polepole. Wakaita huo ustaarabu, wakauleta mpaka kwetu. Kabla yao Mjerumani alitumia miti na kamba bila hesabu yoyote. Waulizeni watu wa Old Moshi habari za Mangi Meli aliyenyongwa Machi 1900, waulizeni Wangoni wa Songea habari za Februari 1906. Mababu walinyongwa hadharani mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakalazimishwa kutazama. Mimi huwa nakumbuka hilo nikisikia mtu anasema kunyonga ni utamaduni wetu.

Agosti 1890, New York, wakaleta kiti cha umeme. Mtu wa kwanza kukalishwa aliitwa William Kemmler. Wakawasha umeme sekunde 17, wakazima, wakasema amekufa, na waliokuwepo wakaanza kupongezana. Kisha wakaona anapumua. Ikabidi wawashe tena, kwa muda mrefu zaidi. Ikaja gesi, ikaja sindano. Na mwaka huu huu, tarehe 25 Januari, jimbo la Alabama lilimvalisha Kenneth Smith barakoa na kumvutisha hewa ya naitrojeni tupu, likiwa limesema atapoteza fahamu ndani ya sekunde. Waandishi wa habari waliokuwa nyuma ya kioo waliandika kwamba alitetemeka na kujipinda kwa dakika kadhaa. Huyo Smith walikuwa wameshajaribu kumuua kwa sindano Novemba 2022, wakahangaika kutafuta mshipa, wakaukosa, wakamrudisha selo.

Zaidi ya miaka mia na hamsini wanatafuta njia safi. Ya nani hiyo njia safi? Anayekufa anakufa. Usafi ni wa sisi tunaobaki.

Vijana wa sheria, hapa nataka mnisikilize kwa makini zaidi.

Wiki mbili zilizopita, tarehe 26 Septemba, mahakama moja ya Japani ilimwachia huru mzee wa miaka 88 aitwaye Iwao Hakamada. Alikuwa bondia. Alikamatwa mwaka 1966 kwa tuhuma za kuua familia ya watu wanne, akahojiwa siku nyingi mfululizo mpaka akakiri, akahukumiwa kifo mwaka 1968. Alikaa gerezani mpaka mwaka 2014 ndipo akatolewa kusubiri kesi isikilizwe upya, akili ikiwa imeshaharibika kwa kungoja. Na sasa mahakama imesema ushahidi ulitengenezwa. Dada yake, Hideko, naye sasa ni bibi kizee wa miaka 91, ndiye aliyempigania miaka yote hiyo.

Lakini anayenikosesha usingizi mimi ni mtu mwingine katika kesi ile. Majaji walikuwa watatu. Mmoja wao, Norimichi Kumamoto, ndiye aliyeandika hukumu. Mwaka 2007 akajitokeza hadharani akasema: mimi niliamini Hakamada hana hatia. Wenzangu wawili walinishinda kwa kura, na mimi ndiye niliyepangiwa kuandika, nikaandika. Mwaka 1969, mwaka uliofuata hukumu ile, aliacha ujaji. Aliandika kitu asichokiamini, kwa mkono wake.

Nilipoisoma habari ile niliweka gazeti chini, nikatoka nje.

Uingereza nako. Machi 1950 walimnyonga kijana wa miaka 25, Timothy Evans, ambaye hata kusoma alisoma kwa taabu, kwa kosa la kumuua bintiye mchanga. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa jirani yake wa ghorofa ya chini, John Christie. Miaka mitatu baadaye ikagundulika kwamba Christie alikuwa ameficha maiti za wanawake ndani ya nyumba ile ile, ukutani, chini ya sakafu na bustanini. Naye akanyongwa, gereza lile lile la Pentonville, na mnyongaji yule yule, Albert Pierrepoint. Mkono mmoja ulimtundika asiye na hatia, ukaja ukamtundika shahidi wake. Evans alisamehewa na Malkia mwaka 1966. Alikuwa na miaka 16 kaburini.

Mtasema hayo ni ya mbali. Sawa, turudi nyumbani. Turudi hapa hapa Dodoma.

Ni wangapi humu ndani mnajua kwamba jaji wa kwanza nchini kutamka kuwa adhabu ya kifo inavunja Katiba yetu alitamka hayo akiwa Mahakama Kuu hapa Dodoma? Naona mikono michache. Aliitwa Jaji James Mwalusanya. Mwaka ulikuwa 1994, kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake. Aliwatia hatiani wote wawili kwa mauaji. Hakuwaonea huruma kwenye hatia. Kisha akaichukua Katiba, Ibara ya 13(6)(e), isemayo ni marufuku mtu "kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha", akaiweka kando ya kitanzi, akauliza kama vitu hivi viwili vinaweza kukaa nyumba moja. Akajibu haviwezi. Akawapa kifungo cha maisha.

Serikali ilikata rufaa. Mwanzoni mwa 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi, na uamuzi ule ni wa ajabu. Ilikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Ilikubali! Kisha ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu, kwa maslahi ya umma. Kwa maneno mengine, mahakama ya juu kabisa ya nchi hii imeshaandika kwamba ukatili huu ni ukatili, na kwamba tunaruhusiwa kuufanya. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo kule kwao, na hukumu ya jaji wetu wa Dodoma ilikuwa miongoni mwa walizozirejea. Nabii hakubaliki kwao.

Sasa tazameni kilichofuata. Mara ya mwisho kumnyonga mtu Tanzania ilikuwa mwaka huo huo wa 1994. Ni miaka 30. Rais Mkapa hakutia sahihi. Rais Kikwete hakutia sahihi. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema wazi kwamba anajua ugumu wa kutekeleza hukumu hizo, akaomba asipelekewe orodha. Magufuli, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole! Desemba 2020 akawabadilishia wafungwa 256 kutoka kifo kuwa kifungo cha maisha. Rais Samia naye, mpaka leo ninapozungumza, hajamnyonga mtu.

Wote hao mkono umegoma. Lakini mahakamani, kila kikao, bado tunatamka: utanyongwa mpaka ufe. Aliye juu amekataa kushika kalamu, na aliye chini analazimishwa kufungua mdomo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema Novemba 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Ikatupa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwezi ujao inatimia mitano. Watu wanazeeka gereza la Isanga, hapa hapa mjini kwetu, wanasikia kengele za makanisa na adhana kama tunavyosikia sisi, na kila asubuhi komeo likilia hawajui kama limelia la chai au la jambo jingine.

Kuna dada pale katikati amenyoosha mkono tangu nilipoanza, na najua anachotaka kuuliza, maana nimeulizwa kila mahali. "Na waliouawa je? Wanaowakata viungo watu wenye ualbino, nao tuwaonee huruma?"

Dada yangu, hilo ndilo swali zito kuliko yote, na sitalikwepa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Nchi nzima ilishangilia. Mimi nilishangilia. Hukumu nyingine zikafuata. Na mwaka huu, Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu amenyakuliwa mikononi mwa mama yake, akakutwa ameuawa. Miaka 15 ya kutamka kifo, na aliyekwenda usiku ule na mfuko wake hakuogopa. Kwa sababu hakutegemea kukamatwa. Mwizi haogopi ukali wa adhabu, anaogopa kukamatwa. Nyinyi mnaofuga mnalijua hilo kuhusu fisi. Kama tunataka watoto wale walindwe, fedha ziende kwa polisi wenye pikipiki na mafuta, kwa wapelelezi, kwa kumsaka yule mnunuzi mwenye pesa ambaye mimi sikuwahi kumwona kizimbani. Nilitafsiri kesi nyingi. Kizimbani alisimama maskini.

Viongozi wangu wa dini, ninyi mnayajua maandiko kuliko mimi. Kaini alimuua ndugu yake, na Mungu alimtia alama mtu yeyote asimuue. Kurani, Suratul Baqara, aya ya 178, inapotaja kisasi inafungua hapo hapo mlango wa msamaha na fidia kwa ndugu wa marehemu. Na sheria yetu je? Inampa nafasi gani mama wa marehemu? Haimpi. Kesi ni ya Jamhuri. Mama ni shahidi namba mbili, anaulizwa uliona nini, saa ngapi, anaambiwa asante, shuka.

Ninachoomba ni hiki. Jaji arudishiwe mikono yake, apime kila mtu na kosa lake. Wanaosubiri wapewe kifungo kinachojulikana. Na kamba iondoke kwenye vitabu vyetu. Rwanda, baada ya yale yote ya 1994, iliiondoa mwaka 2007. Zambia mwaka juzi. Nani kati yetu atasema Wanyarwanda hawakuumizwa vya kutosha?

Na waliofiwa wasiachwe mikono mitupu. Nimalizie hapo, kwa mama mmoja.

Mama huyu mwanawe aliuawa na yule mfugaji niliyewasimulia. Siku ya hukumu alikuwepo, amekaa benchi la nyuma na kitenge chake. Baada ya kikao akaja kwangu, akaniuliza kwa Kigogo: lini? Nikamwambia, mama, bado kuna rufaa. Kikao kilichofuata akaja tena, nauli ya basi ameitoa wapi sijui. Lini? Nikamwambia, rufaa imekataliwa, sasa ni kwa Rais. Akaja mwaka uliofuata. Lini? Miaka ikapita. Hatukumpa msiba wake ukaisha, hatukumpa mtu wa kumlimia shamba, hatukumpa hata shilingi moja. Tulimpa ahadi ya kamba, naye akawa anakuja kuiulizia kama mtu anayedai mahindi yake.

Mara ya mwisho nilipomwona hakuniuliza mwenyewe. Macho yalikuwa yamepungua nuru. Aliongozana na mjukuu, mtoto wa yule marehemu, binti wa darasa la tano hivi, amevaa sare ya shule. Binti akanisalimia, akasema kwa Kiswahili safi: "Shikamoo babu. Bibi anauliza, lini?"

Nikamwambia, "Mwambie bibi sijui."

Akamgeukia bibi yake, akamtafsiria.

Asanteni kwa kunisikiliza.